Shamba la Kulisha Funza

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kwa kuua mdudu. Ilikuwa Arua, mwaka wa sabini na moja, nimetoka chuo cha kilimo juzijuzi, sketi yangu ya kaki imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Bwana Afisa Kilimo alinichukua kunionyesha vitalu vya mpunga nyuma ya ofisi. Nikaona nondo, kile kipepeo kidogo chenye rangi ya majani makavu, ametua juu ya jani. Mimi, kwa kutaka kuonekana hodari, pa! Nikamsaga kwa kiganja.

"Umemuuliza?" akasema Bwana Afisa.

"Nimuulize nani, mzee?"

"Huyo uliyemuua. Tunamngoja hapa tangu mvua zianze, aje atuambie mpunga upi anaupenda na upi hautaki. Sasa nani atatuambia? Wewe?"

Wenzangu ofisini walicheka siku nzima, na mimi nikaapa moyoni kwamba mtu yule sitampenda. Alikuwa mwenyeji wa Ayivu, mashambani nje ya mji, mwembamba, mzito wa kusema. Ukimuuliza jambo alikuwa anashuka kwenye baiskeli kwanza, anaisimamisha vizuri, ndiyo akujibu. Mimi mtoto wa mjini, wa mtaa wa Waislamu, sisi ambao babu zetu waliletwa na jeshi kutoka Sudani. Kwetu maneno yanapishana kama watu sokoni. Kumngojea mtu ashuke baiskeli kulinichosha kuliko kulima.

Ninyi vijana mnaonipigia simu leo kuniuliza dawa gani ya kupuliza, mnisikilize. Sisi kazi yetu haikuwa kupuliza dawa, tena dawa zenyewe zilikuwa adimu. Kazi yetu iliitwa kupima ukinzani, yaani kutafuta mpunga unaoweza kuishi na mdudu bila kusaidiwa. Na huwezi kupima ukinzani pasipo mdudu, kama vile huwezi kujua mwavuli unavuja kabla mvua haijanyesha. Kwa hiyo tulikuwa tunapanda aina mbalimbali kila moja katika ploti yake, halafu pembezoni tunapanda mstari wa chambo. Chambo ni mpunga laini, mtamu, dhaifu, ambao nondo akiuona hapiti. Wanajaa pale, wanazaana, kisha wanasambaa ploti zote. Baada ya hapo unahesabu nani kaliwa na nani kasalimika.

Adui yetu mkubwa alikuwa funza wa shina. Nondo anataga mayai kwenye jani, funza anatoka, anatoboa shina na kuingia ndani. Akiingia mpunga ukiwa mchanga, jani la katikati linakauka. Ukilivuta linatoka jepesi, limekatwa chini. Hilo tunaliita moyo mkavu. Akiingia mpunga ukiwa umechanua, suke linasimama jeupe, limenyooka, zuri kabisa, na ndani hamna hata punje. Mkulima asiyejua anafurahi suke lake halijainama, maskini, kumbe analiangalia ganda tupu.

Miaka miwili nilizunguka Ayivu na Inde kwa baiskeli, kazi ya muhogo na mtama na maharagwe. Kisha Bwana Afisa akanipeleka Koboko, ambako watu walikuwa wameanza kulima mpunga kwenye bonde na funza walikuwa wanawamaliza. "Huko wadudu ni wengi," aliniambia, kama vile ananipandisha cheo. "Utapenda."

Nilikodi chumba kwa Mama Asunta. Alikuwa amezaliwa Kongo, amekuja Koboko na mumewe kufanya biashara, mume akafa, yeye akabaki na watoto na kipande cha bonde alichokodi jirani kabisa na vitalu vyangu. Misimu miwili mpunga wake ulikuwa umeliwa na funza. Mwenye bonde alishamwambia, mavuno yakikosekana tena anampa mtu mwingine. Na kurudi kwao ilikuwa shida. "Kaka yangu alisema nikifuata ule mwanaume mimi si dada yake tena, mulango yake iko fungwa," aliniambia siku nilipohamia. "Kwa hiyo weye Bibi Shamba, leta ile mbegu ya kushinda dudu. Mimi sina kwingine."

Basi hapo mjue. Wakubwa walikuwa wananiuliza habari za aina na mavuno, lakini mimi kila jioni nilikuwa nakaa jiko moja na mtu aliyekuwa ananingoja mimi. Nilikuwa na aina kumi na mbili kwenye ploti. Yeye alihitaji moja tu.

Kitalu chenyewe kilinifanya kichekesho cha Koboko. Watu wanapita njiani na baiskeli zao kwenda sokoni, wanasimama, wanatazama mstari wa chambo ulivyonyauka, wanatikisa vichwa. Wakanipa jina: Mama Funza. Fundi cherehani mmoja alinifuata mpaka dukani, "Bibi Shamba, serikali inakulipa ufuge dudu? Kwangu iko kunguni mingi, kuja uchukue." Nikamwambia kunguni hawali mpunga, wanakula wavivu.

Aina nazo zilianza kuonyesha tabia. Namba Tatu ilikuwa ndefu, majani mapana, inang'aa, kila mgeni alikuwa anaipenda. Namba Nane ilikuwa fupi, imekunjamana, majani yake yanakukwaruza mikono, na mbegu zake nyekundunyekundu kama zimechafuka. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti; chuo kilinifundisha nisiseme neno mpaka hesabu ya mwisho, wakati wa masuke. Bwana Afisa naye alikuwa anarudia kila akija, "Usiseme kabla ya funza kusema."

Kabla ya hesabu hiyo, mkubwa mmoja wa juu sana, ambaye jina lake wala cheo chake sitakitaja, alihutubia mkutano Koboko. Akaahidi watu mbegu bora ya mpunga. Alisema atakuja mwenyewe kuiona shambani na itagawiwa palepale. Palepale! Sisi hata hatujahesabu. Nikaitwa Arua kupanga mapokezi. Nilikusudia kulala siku moja na kurudi, lakini petroli ilikuwa imeadimika, lori halina, basi halina, nikakaa Arua kwa shangazi yangu natafuna kucha.

Niliporudi nilipitia bondeni hata kabla ya kuweka mzigo. Wallahi nilidhani nimepotea njia. Kitalu kilikuwa kinapendeza! Kijani kitupu, kila ploti imenyooka. Hakuna moyo mkavu, hakuna suke jeupe hata moja. Mstari wa chambo haupo. Mahali pake pana majivu.

Mama Asunta alinikimbilia anacheka, mikono ina tope mpaka viwikoni. "Umeona? Ulifikiri tutakuacha na aibu? Wakubwa wanakuja, shamba yako iko na gonjwa, watakufukuza kazi. Basi niliita bamama bote."

"Mmefanya nini, Mama Asunta?"

"Tulilimiana kama desturi. Kila mutu mustari yake. Tulitoa yote iliyokauka, tulichoma. Hata ile ya pembeni, ile mbaya sana, tuling'oa yote. Mimi nilipika maharagwe, nilipika pombe ya kwete, unga yangu iliisha. Sasa shamba yako iko nzuri kupita ya kila mutu."

Nilikaa chini kwenye tuta. Mwanzo nilicheka, kicheko kibaya, kisha nikalia, kisha nikamfokea. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii aliyemalizia unga wake wa mwisho kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipoelewa kwamba ile mikavu aliyoichoma ndiyo iliyokuwa jibu, alishika kichwa, akasema polepole, "Basi ile mbegu yangu... nimeichoma mimi mwenyewe?"

Ndugu zangu, hiyo sauti ninaisikia mpaka leo. Wema wa kulimiana ndio ulioishikilia Koboko miaka ile migumu. Mwenye mgonjwa analimiwa, mwenye msiba analimiwa. Mimi, mwanamke peke yangu na shamba lililokauka, walinihesabu pamoja na wagonjwa na waliofiwa. Nani atawalaumu? Mimi niliwalaumu, lakini mimi nina hasira za ukoo.

Bwana Afisa alifika kesho yake. Alishuka kwenye baiskeli, akaisimamisha, akatembea kitalu chote. Nikangoja mvua ya matusi. Akasema tu, "Wamefanya kazi safi." Kisha akaniambia niwaite wanawake.

Wakaja, wamejikunyata kama wanafunzi walioitwa kwa mwalimu mkuu. Kwa kuwa katika kulimiana kila mtu anashika mstari wake, aliwauliza mmoja mmoja: wewe ulifanya wapi, ulitoa kiasi gani? Huyu alisema alijaza vikapu. Yule alisema kwake mikavu ilikuwa michache, alimaliza mapema akakaa kunywa kwete. Aliyeshika Namba Tatu alisema alichoka mgongo. Aliyeshika Namba Nane akasema alitoa mingi, lakini mwenzake aliyekuwa pembeni akamkatiza, "Wacha uongo, weye ulikuwa unanyonyesha." Wakaanza kugombana.

Nilimvuta Bwana Afisa kando. "Mzee, si umesikia? Namba Tatu imeliwa. Tuseme Namba Nane."

"Nimesikia majirani wakibishana," alijibu. "Inaweza kuwa kweli. Ukiwapa watu Namba Nane kwa maneno haya, na ikaliwa, hawatatusikiliza tena maisha. Tunarudia msimu mzima."

"Na mkubwa anayekuja?"

"Huyo nitasema naye mimi."

Siku ya ugeni bonde lilijaa. Ngoma, askari, watoto wa shule na vibendera. Mama Asunta alisimama mbele kabisa na gunia tupu limekunjwa kwapani, maana mbegu iliahidiwa kugawiwa palepale, na ghalani Arua mbegu ya Namba Tatu ilikuwepo ya kutosha. Mkubwa akapita kati ya ploti na fimbo yake, moja kwa moja mpaka Namba Tatu, kama nilivyojua.

"Hii hapa," akasema. "Hii ndiyo mbegu. Gawa hii."

Bwana Afisa hakuwa na baiskeli ya kushuka, lakini alinyamaza vilevile kana kwamba anaisimamisha. Kisha akasema, "Mzee, hii iko nzuri kwa macho. Kwa funza, bado hatujui."

"Hamjui?" Mkubwa akageuka. Ngoma zikanyamaza zenyewe. "Serikali inakulipa mshahara ili usijue?"

"Inanilipa nisiwaambie watu nisichokijua, mzee."

Wakati ule watu walikuwa wanapotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Ningeweza kusema ni wanawake walioharibu. Yeye mwenyewe angeweza kusema hivyo, tena ilikuwa kweli. Hakuwataja. Mkubwa alimtazama sana, akacheka kidogo, akarudi kwenye gari. Nyuma yake Mama Asunta alikunjua gunia lake, akalikunja tena.

Jioni ile alinipiga maneno jikoni. "Weye na Afisa yako munakula mushahara. Mimi nitakula nini? Hiyo 'bado hatujui' naipika na chumvi?" Nilimpa kibarua cha kufukuza ndege kitaluni, na kwa mwenye bonde nilikwenda mwenyewe kumsihi amvumilie msimu mmoja. Akakubali kwa kununa.

Bwana Afisa alihamishwa kabla mwezi haujaisha. Alishushwa cheo na kupelekwa mbali kusini, kwenye maghala ya pamba, kuhesabu magunia. Mtu wa mpunga! Alipita Koboko kuniaga. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimemchukia siku ya kwanza na kwamba sasa ningelia akienda, na nikalia kweli kabla sijasema chochote. Alisema, "Chambo ukipande mapema." Akapanda baiskeli. Afisa mpya alipowasili, wakati wa kupanda ulikuwa umepita, na ile mbegu ya Namba Tatu haikutoka ghalani.

Msimu uliofuata nilipanda upya, na safari hii Koboko nzima ilijua kazi ya mstari wa chambo. Mama Asunta ndiye aliyekuwa mlinzi. Nilimwekea sheria moja: ndege fukuza, funza acha. Alizishika kazi zote mbili kwa ukali ambao hata mimi ulinitisha. Siku moja katekista wa kanisani kwake alipita, akaona moyo mkavu, akauvuta kwa nia njema. Mama Asunta akatoka kibandani na fimbo ya ndege. "Rudisha! Hiyo dudu iko kazini!" Katekista wa watu akachomeka jani lililokufa ardhini tena.

Masuke yakatoka, na funza wakasema. Namba Tatu ilisimama nyeupe ploti nzima, na marudio yake yote, yaani ploti nyingine tulizoipanda aina hiyohiyo ili tusidanganywe na ardhi, nayo nyeupe. Ungeipenda kwa mbali. Namba Nane iliinamisha masuke yake mabaya, mazito. Tulipasua mashina kwa wembe. Katika Namba Tatu shina ni pana na laini, funza wamekaa kama wageni wa harusi. Katika Namba Nane shina ni jembamba na gumu, na wachache tuliowakuta walikuwa wadogo, wamedumaa, wengine wamekufa mlangoni. Ukinzani ndio huo. Mpunga haukuwa na sumu wala uchawi. Ulikuwa mgumu kutafunwa, basi.

Afisa mpya, kijana mpole, alihesabu pamoja nami, akahesabu tena, akasema, "Kwa hiyo ile mbegu ingegawiwa..." Hakumaliza. Mama Asunta alikuwa anatazama Namba Tatu, mkono mdomoni. Gunia lile lingejaa njaa, na angelibeba kichwani anashangilia. "Afisa ya zamani anajua?" aliniuliza. Nilimtuma dereva wa lori la pamba na salamu. Hakuna aliyeniambia kama zilifika.

Namba Nane tuligawa kidogo kidogo, kila mwanamke akivuna anampa mwenzake, hivyohivyo kwa desturi yao ya kulimiana. Mama Asunta alivuna, akalipa bonde, akavuna tena. Wali wake ulikuwa mwekundu na mgumu kidogo, wa kutafuna hasa. Aliusifu kama binti yake.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipotukaribia, watu walipita Koboko siku na siku, kutoka Arua, kutoka kila mahali, magodoro vichwani, mbuzi kamba mkononi. Na sisi tukafunga mizigo. Mama Asunta alikusanya watoto, sufuria, na mbegu ya Namba Nane ameifunga katika vitenge viwili. Nilimuuliza atakwenda wapi.

"Kwa kaka yangu."

"Si alifunga mlango?"

Akapigapiga kitenge kimoja kilichotuna mbegu. "Kwao funza iko mingi sana," akasema. "Atafungua."

Mimi mbegu yangu iliozea mvuani tukiwa njiani. Tuliporudi baada ya miaka, bonde lilikuwa msitu, hakuna kitalu, hakuna ghala. Mpunga tulioanza nao ulitoka sokoni, kwa wanawake wa upande wa Kongo. Niliutambua kwa mikono, ulivyonikwaruza. Nikamuuliza muuzaji ameupata wapi. "Kwa mama moja mukali sana," akasema, nami sikuuliza zaidi, nilinunua wote.

Nimestaafu zamani. Sina mengi ya kuwausia. Mimi si mtu wa mausia, mimi ni mtu wa kugombeza. Mkiona shamba la mtu limekauka, muulizeni kwanza, kisha mumsaidie. Na mkubwa akikuuliza jambo usilolijua, basi mnajua nani wa kumkumbuka.

Juzi alikuja kwangu mtu mzima, mvi zimeanza, mwembamba. Alisimamisha pikipiki, akaiegemeza vizuri, ndiyo akabisha hodi. Nikamjua kabla hajasema jina. Baba yake alifia kusini, kwenye maghala yaleyale. Alisema, "Mama, nyumbani tulikua tukisikia baba alifukuzwa Koboko kwa sababu alishindwa kazi. Aliulizwa mbegu, hana. Wewe ulifanya kazi naye. Ni kweli?"

"Ni kweli hakuwa nayo," nilimwambia. "Kaa."

Chungu kilikuwa jikoni. Nilimpakulia sahani, nikaijaza, nikaweka mbele yake. Aliutazama ule wali mwekundu, mbaya, akanitazama mimi.

"Kula," nikasema. "Kazi ya baba yako ndiyo hiyo."